Bandama Linaweza Kupasuka Bila Pigo

Weka mkono chini ya mbavu zako za kushoto. Hapo ndani, nyuma ya mbavu, ndipo lilipo bandama. Kwa mtu mzima mwenye afya halizidi ukubwa wa ngumi, na hata ukibonyeza hutaligusa. Kazi yake ni kuchuja damu na kupambana na viini vya maradhi.

Homa inapoingia mwilini, bandama hufanya kazi ya ziada na kuvimba. Utando mwembamba unaolifunika hutanuka. Mara chache sana hupasuka hata kama mgonjwa hakuanguka wala kupigwa. Kikohozi au kuinua mtungi wa maji kwaweza kutosha. Damu humwagikia tumboni, na asipotibiwa upesi mgonjwa hufa.

Virusi vinavyojulikana zaidi kwa balaa hili ni vya Epstein-Barr, vinavyoleta homa ya tezi: koo kuuma, tezi za shingo kuvimba na uchovu wa wiki kadhaa. Viligunduliwa mwaka 1964 huko London, katika uvimbe wa watoto wa Uganda uliopelekwa na Daktari Denis Burkitt wa Kampala. Watoto wetu wengi huvipata wakiwa wadogo bila kuugua sana. Anayevipata akiwa kijana ndiye huugua zaidi.

Wasomaji wa Lodwar na Kakuma wana sababu nyingine ya kuwa macho. Malaria, ambayo haitokani na virusi, nayo huvimbisha bandama na yaweza kulipasua. Kala-azar, inayoenezwa na usubi, hulikuza hadi likaonekana kwa macho. Aliye na bandama kubwa tayari hahitaji pigo zito ili aumie.

Chukua mfano wa kijana wa Kakuma aliyeugua homa wiki mbili zilizopita. Amepata nafuu, amerudi uwanjani. Ghafla tumbo linamkata upande wa kushoto, na bega la kushoto linauma ingawa halikuguswa. Bega huuma kwa sababu damu iliyomwagika huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu. Kisha anatoka jasho baridi, moyo unakwenda mbio, anaona kizunguzungu akisimama. Jamaa zake wakidhani ni vidonda vya tumbo na kungoja hadi asubuhi, huenda wakachelewa. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120.

Ukiona dalili hizo, mlaze mgonjwa, usimpe chakula wala aspirini, na usikubali tumbo likandwe. Mfikishe mara moja katika hospitali iliyo karibu, na umweleze daktari kwamba alikuwa na homa. Hilo ndilo litakalomkumbusha kupima bandama kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Wengine hupona kwa kulazwa na kuongezwa damu. Wengine hupasuliwa na bandama kuondolewa. Aliyeondolewa bandama anahitaji chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo, alale ndani ya chandarua, na kila homa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe uliyeugua homa ya tezi, usicheze kandanda, usishindane mieleka wala kuinua mizigo kwa mwezi mmoja, hata ukijihisi mzima. Homa hutoka mwilini kabla ya bandama kurudi mahali pake.