Meno bandia yanavyoweza kuyalegeza meno ya asili

MTU aliyeng'olewa magego huwa na swali moja anapokwenda kutengenezewa meno bandia: je, yatashika barabara? Ni nadra kumsikia akiuliza yatashikwa na nini. Ilhali swali hili la pili ndilo linaloamua iwapo meno yaliyosalia kinywani yatadumu, au yatayafuata yale yaliyotangulia.

Mzizi wa jino haujagandamana na mfupa wa taya. Baina yao kuna utando mwembamba wa nyuzi nyingi zinazouning'iniza mzizi ndani ya tundu lake. Mtu anapotafuna, nguvu hupita kwa kufuata urefu wa jino, nyuzi hizo zikavutika kidogo, na mvuto huo huuchochea mfupa uendelee kujijenga. Jino limeumbwa kuhimili nguvu ya namna hiyo. Kile lisichoweza kuvumilia kwa muda mrefu ni kusukumwa kando. Yeyote aliyewahi kung'oa kigingi cha mbuzi anaelewa: hakivutwi juu tu, bali hutikiswa kwanza huku na huku mpaka shimo lipanuke.

Meno bandia ya kuvaa na kuvua aghalabu hushikizwa kwa kulabu za waya au chuma zinazoyakumbatia meno jirani. Pengo likiwa katikati ya meno mazima, mzigo hugawanywa pande zote mbili. Matatizo huanza pale magego yote ya nyuma yanapokuwa yamekwisha. Hapo meno bandia hushikwa na jino upande wa mbele, na nyuma hulalia ufizi, ambao hubonyea kwa urahisi zaidi kuliko jino. Kila mtu anapotafuna, sehemu ya nyuma huzama, nayo kulabu hugeuka wenzo wa kulipinda jino lililoishikilia. Jino hilo likiwa tayari lina ufizi mgonjwa, kulegea kwake si ajabu.

Mtaalamu wa Marekani, F. James Kratochvil, alieleza mwaka wa 1963 kwamba madhara hayo yanaweza kupunguzwa kwa kuhamisha mahali ambapo chuma huegemea juu ya jino. Kiegemeo kikikaa upande wa mbele wa jino, kulabu huliachilia pindi sehemu ya nyuma inapozama. Meno bandia ya plastiki tupu, ambayo wengi huyachagua kwa kuwa ni nafuu, mara nyingi hayana viegemeo hivyo. Uzito wote huangukia ufizi, hasa pale shingoni mwa meno, na ufizi husukumwa chini hadi mizizi ikabaki wazi. Isitoshe, chakula na ukoga hukwama chini ya kulabu na kuozesha jino.

Daraja la kudumu halizami, lakini lina gharama yake: meno mawili jirani, ambayo pengine hayana dosari yoyote, hukwanguliwa ili yavikwe kofia, kisha hubeba mzigo wao pamoja na wa lile lililotoweka.

Ama kuhusu mfupa, jino liking'olewa mfupa uliolishikilia huanza kupungua, hasa katika mwaka wa kwanza. Antje Tallgren, katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1972 baada ya kuwafuatilia wagonjwa wasio na meno kwa miaka 25, alionyesha kuwa taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko la juu. Ndiyo sababu wazee wengi hulalamikia meno ya chini kuchezacheza, ilhali ya juu yametulia.

Vipandikizi vya titaniamu, ambavyo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alianza kuwawekea wagonjwa mwaka wa 1965, hushikamana na mfupa wenyewe na kuupunguzia kusinyaa. Mwaka wa 2002, wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walipendekeza viwili kama chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na jino hata moja. Hata hivyo, bei yake huwashinda wagonjwa wengi nchini.

Kuna njia ya kale zaidi ambayo haistahili kusahauliwa. Badala ya kung'oa kila kitu, daktari anaweza kubakisha mizizi miwili ya machonge ya chini, akaitibu, akaikata usawa wa ufizi, kisha meno bandia yakaikalia. Crum na Rooney waliripoti mwaka wa 1978 kwamba katika miaka mitano, waliobakishiwa mizizi hiyo walipoteza milimita 0.6 tu za mfupa wa mbele wa taya la chini, na waliong'olewa yote wakapoteza milimita 5.2. Sharti ni kwamba mizizi iwe imara na isafishwe kila siku, kwani huoza upesi chini ya meno bandia.

Uamuzi huo hauwezi kufanywa baada ya koleo kupita. Mgonjwa anayeambiwa kwamba meno yote yatang'olewa ana haki ya kuuliza kabla kama kuna mzizi unaofaa kubaki. Na aliye na meno bandia tayari, anapohisi yameanza kuyumba, huhitaji kurudi yatiwe bitana upya yakae sawa na ufizi uliopungua, kwani kila siku yanapoyumba ndivyo kulabu zinavyozidi kuyapinda meno zilizoyashika.