Barua ya Cambridge kuhusu Derrida

Barua ya Cambridge kuhusu Derrida ni barua kwa mhariri iliyochapishwa na gazeti la The Times la London tarehe 9 Mei 1992. Barry Smith na wanafalsafa wa nchi mbalimbali, akiwemo Mmarekani W. V. Quine, walipinga Chuo Kikuu cha Cambridge kumpa Mfaransa Jacques Derrida shahada ya heshima, wakidai maandishi yake hayaeleweki.

Hakuna mtia saini aliyefundisha Cambridge, hivyo hawakuwa na kura; gazeti liliwapa sauti. Kwa kawaida shahada hizo hupita bila kura, lakini baadhi ya wahadhiri wa chuo chenyewe walikuwa wameweka pingamizi. Tarehe 16 Mei 336 walikubali, 204 wakakataa. Baadaye Derrida alilalamika kwamba barua ilimbandika maneno asiyoyaandika kamwe.