Mzee Aliyeitikia Shikamoo kwa Pete

Mtoto alikuwa wa miaka mitano au sita, kashikwa mkono na mama yake, na adabu alishafundishwa. Kila mzee aliyekaa kwenye benchi la kusubiria daktari alipata shikamoo yake. Wa kwanza akaitikia, wa pili akaitikia, wa tatu akamtazama tu. Mtoto akarudia kwa nguvu: "Shikamoo babu!" Yule mzee, aliyejifunga shingoni kitambaa cheupe mfano wa bibu ya mtoto mchanga, akainua mkono akagonga ubao wa benchi kwa pete yake ya fedha. Ko, ko. Mtoto akamgeukia mama. Mama akamvuta wakapita haraka, kama watu waliotukanwa.

Mimi pale nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, nimemsindikiza mjomba na ngiri yake. Lakini ile ko, ko nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Wiki iliyofuata nikaenda peke yangu kuulizia. Nikaelekezwa kwa muuguzi wa wodi ya masikio, pua na koo, mama wa makamo aliyeniomba nimwite Sista tu, kama wagonjwa wanavyomwita.

"Kumbe ulimwona!" alicheka. "Ile ndiyo marahaba yake. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni marahaba. Akigonga mara tatu, ujue umemuudhi."

Mzee ametolewa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwa sababu ya saratani. Habari ya sigara na pombe msomaji anaijua. Anachokiona Sista kila mwezi ni namna wazee wanavyochelewa. Sauti inakwaruza wiki tatu, mwezi, miezi sita. Mzee anatafuna tangawizi, anapewa asali na dawa ya kikohozi, wajukuu wanamwigiza kwa utani. Anafika hospitali usiku mmoja akivuta pumzi kwa mluzi, na hapo kinachoanza ni kumtoboa shingo apumue. Maswali baadaye.

Akachukua boksi tupu la glavu, akanichorea kwa kalamu. "Hapa kooni kuna njia panda, kaka yangu. Chakula kinashuka na umio, hewa inashuka na bomba lake, na zoloto ndiye askari anayezuia wasigongane. Ukishamtoa askari, lazima barabara zitenganishwe moja kwa moja. Umio unabaki na mdomo. Bomba la hewa linaletwa mbele, linashonwa kwenye ngozi, hapa." Akabonyeza kidole kwenye kile kishimo chini ya koo. "Kuanzia siku hiyo pua ni pambo."

Pua ni pambo, kwa hiyo maharage yanaungua mbele ya mzee na hasikii harufu. Hawezi kupuliza uji wala jiko la mkaa. Hawezi kubana pumzi, hivyo kunyanyua ndoo ya maji ni kazi, na chooni, Sista alisema bila haya, ni kazi zaidi. Kukohoa, anakohoa kwa shingo. Akizidiwa usiku akapelekwa mahali wasipomjua, wanaweza kumfunika pua na mdomo kwa oksijeni isiyofika popote. Ndiyo maana Sista huwaandikia wagonjwa wake kipande cha kadibodi cha kutembea nacho: NAPUMULIA SHINGONI.

Na sauti je? Njia zipo. Theodor Billroth alipolitoa zoloto lenye saratani mjini Vienna mwaka 1873, msaidizi wake, Carl Gussenbauer, alimtengenezea mgonjwa kifaa cha kumrudishia usemi. Siku hizi kipo kidude cha betri cha kubandika shingoni, kinachomfanya mtu aongee kama redio iliyopoteza stesheni. Ipo pia vali ndogo ya silikoni inayowekwa kati ya bomba la hewa na umio, nzuri, ila inachakaa kwa miezi na kubadilishwa ni pesa. Daktari Vishal Rao wa Bengaluru, India, alibuni ya takribani rupia 50 baada ya kuona wagonjwa wake wakishindwa bei.

Njia ya bure ni ya umio, na hapa Sista alivuta kiti karibu. Ndilo jambo analolipenda. Mgonjwa anajifunza kuisukuma hewa ya mdomoni iingie kwenye umio, kisha anairudisha juu itetemeshe koo. Kwa maneno mengine, anapiga mbweu kwa makusudi na kuukata mbweu huo uwe silabi. Herufi zinazosaidia kuisukuma hewa ni P, T na K. Somo la kwanza la Sista kwa hiyo ni kaka, paka, pita, kata, papai. Herufi inayokataa ni H, maana H ni pumzi tupu ya mapafuni, na pumzi ya mapafuni imeshapita zake shingoni.

"Sasa fikiria," alisema. "Karibu inatoka mapema, ina K mbele. Hodi haitoki, inakuwa odi. Mzee anaweza kumkaribisha mtu kwake, lakini kwenda kwa mtu hawezi." Alicheka, mimi sikucheka. "Na marahaba ina H katikati kabisa. Wananililia hiyo. Wengine wanaweza kukosa maneno yote, lakini mtoto akimsalimia asijibu, anajiona si mzee tena, ni gogo. Nawaambia, babu, sema maraaba. Kuna watu huko bara wanasema abari yako tangu wazaliwe, na hawajakatwa kitu."

Mzee wa pete alifika papai akaacha. Mtu wa umri wake, aliandika, hapigi mbweu mbele za watu. Aliandika hayo kwenye daftari, kwa herufi za Kiarabu alizosomea chuoni utotoni, na wodi nzima aliyeweza kumsomea Sista ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Nyumbani anaongea kwa midomo tu, na mke wake haoni vizuri wala hasikii vizuri. Kidude cha betri kingehitaji mkono usiotetemeka. Haya ndiyo uzee unayoyaongeza juu ya saratani, pamoja na kidonda kinachochelewa kufunga na mate yanayoweza kuvujia ndani yake. Umri wenyewe, Sista alishikilia, si kizuizi. "Daktari wa usingizi anapima moyo na mapafu, hasomi kitambulisho."

Nikamuuliza kama kulitoa zoloto kulikuwa lazima. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 37 wazima wa afya, wazimamoto na mameneja, wangechagua nini. Takribani mmoja kati ya watano alisema heri mionzi abaki na sauti, hata kama nafasi ya kuishi inapungua. Miaka kumi baadaye, utafiti wa wagonjwa 332 wa hospitali za wanajeshi wastaafu huko huko ulionyesha kuwa waliotanguliziwa dawa kisha mionzi walinusurika sawa na waliopasuliwa, wakipimwa baada ya miaka miwili, na karibu theluthi mbili walibaki na zoloto lao.

"Najua," alisema Sista. "Lakini uvimbe ukishatafuna gegedu mpaka nje, kisu ndicho kinachobaki. Na mionzi ni siku tano kwa wiki, wiki sita, saba. Mtu wa mbali atalala kwa nani mjini muda wote huo?"

"Lakini mzee mwenyewe aliulizwa?"

Alikunja lile boksi la glavu. Watoto wake wa kiume waliitwa, alisema. Walikaa na daktari, wakaelezwa vizuri, wakakubali. Mzee alikuwa kitandani na bomba la shingoni, hasemi. Fomu aliletewa, dole gumba likawekwa.

"Mtu anayeandika?" niliuliza. "Dole gumba?"

"Kaka, usiku ule nani alijua kama anaandika?"

Siku ya kliniki nilimkuta kwenye benchi lile lile. Nikamwamkia, akagonga mara mbili, akanisogezea nafasi. Tulikaa. Mwisho nikajikaza. "Babu, samahani. Wangekuuliza wewe mwenyewe, ungekubali?"

Aligonga mara tatu. Kisha akapokea kikombe cha chai kutoka kwa mjukuu wake, moshi unafuka, akakishika kwa mikono miwili mapajani akisubiri kipoe.