Sina digrii, lakini nahesabu wadudu Karura

Jumamosi asubuhi wasee wengi wa rika langu bado wako kitandani. Mimi niko Msitu wa Karura, nimechuchumaa kando ya njia, nimetandaza shuka jeupe chini ya kichaka huku mwenzangu akikipiga kwa fimbo. Mbawakawa, viwavi, sisimizi, wote wanaanguka. Buibui pia, lakini huyo ana miguu minane, si mdudu, kwa hivyo hatumhesabu. Tunapiga picha chapchap, tunaandika saa na mahali, kisha tunawarudisha. Msitu umehifadhiwa, hutoki na mdudu mfukoni bila kibali.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Siku ya kwanza hapa niliogopa kuulizwa nasomea nini. Niliulizwa tu kama simu yangu ina chaji.

Picha tunapakia kwa iNaturalist, ambako wajuzi wa nchi mbalimbali husaidia kutambua spishi. Kuna mdudu wa milia ya njano niliyeapa ni nyuki. Nikarekebishwa: ni nzi anayejifanya nyuki. Nzi ana mbawa mbili, nyuki ana nne. Manze, nilikuwa nikimkimbia bure miaka hiyo yote!

Mbona tujisumbue? Kule Krefeld, Ujerumani, wapenzi wa wadudu, wengi wao watu wa kujitolea, walianza kutega wadudu 1989 na kupima uzito wao. Baada ya miaka 27 na maeneo 63, matokeo yalichapishwa 2017: wadudu wanaoruka walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Na hayo yote yalikuwa maeneo yaliyohifadhiwa. Ukipita njiani ukitazama miti, pengo kama hilo hulioni. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akavuja damu akizuia Karura isigawiwe wajenzi. Miti ilibaki. Sasa lazima kuwe na mtu wa kuangalia nani anaishi ndani yake.

Kasoro zetu zipo. Kila mtu anataka picha ya kipepeo, nzi hana mashabiki. Tunapima karibu na njia, tena wikendi tu. Na nauli pamoja na kiingilio vinauma.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na baridi. Saa nzima tuliona vipepeo wawili. Tukaandika wawili.