Bubu na Mzizi Mchungu: Nahau ya Kikantoni na Mipaka ya Ulinganifu

Wazungumzaji wa Kikantoni wa Guangdong na Hong Kong wana usemi *aa2 zai2 sik6 wong4 lin4*, yaani 'bubu amekula *wong4 lin4*' (tarakimu zinaonyesha toni). *Wong4 lin4* ni mzizi mchungu mno wa mmea *Coptis chinensis*, unaotumika katika tiba ya Kichina.

Usemi huu una vipande viwili. Cha kwanza huchora picha. Cha pili, *jau5 fu2 zi6 gei2 zi1*, 'uchungu anaujua mwenyewe', hutoa maana. Muundo huo unakaribiana na kitendawili chetu, ila hapa msemaji ndiye anayetega na kutegua. Aghalabu hategui, kwa kuwa jibu linajulikana. Hivyo umbo linaafikiana na maudhui: uchungu usiosemeka haусemwi.

Katika Kimandarini, kipande cha pili kwa kawaida humaanisha 'ana uchungu asioweza kuusema'. Mkazo uko kwenye kinywa kilichofungwa. Kikantoni huuhamishia kwenye ujuzi ambao mtu hana wa kushiriki naye.

Mfasiri wa Kiswahili anaweza kushawishika kutumia 'Subira yavuta heri'. Hilo ni kosa, kwani methali hiyo huahidi malipo, ilhali bubu haahidiwi chochote. Nahau hii humfaa, kwa mfano, aliyetapeliwa katika biashara ambayo hakupaswa kuiingia: akilalamika, atajifedhehesha zaidi.

'Adhabu ya kaburi aijuaye maiti' inakaribia zaidi, maana nayo hujenga hoja yake juu ya ujuzi wa anayeteseka. Hata hivyo, maiti ameshatengwa na walio hai. Bubu angali ameketi miongoni mwao, akitazamwa, na hapo ndipo fedheha ilipo.

Kwa maoni yangu, inafaa kuihifadhi picha yenyewe: 'Bubu kala shubiri, uchungu aujua mwenyewe'. Kitenzi *-la* hakileti ugeni, kwani nasi hula hasara. Tahadhari ni moja: *shubiri* na *subira* zina asili katika mzizi uleule wa Kiarabu, *s-b-r*. Mfasiri asipoangalia, fadhila aliyoiondoa kwenye methali itarejea kupitia dawa.