Kinanda cha Mabomba cha Leipzig na Uimbaji wa Upare

Neno kinanda, kwa watu wa pwani wa kale, lilikuwa jina la chombo cha nyuzi kipigwacho kwa vidole. Baadaye likavichukua vyombo vingi vya kigeni, hata gramafoni. Kwa hiyo mwalimu asomapo habari za kinanda cha kanisa, yampasa aulize kwanza: ni kinanda gani? Hapa twanena juu ya kinanda cha mabomba, tena kile kilichomo katika Kanisa la Mtakatifu Tomaso mjini Leipzig, Ujerumani. Kisa chake chatuhusu, kwa maana ni Misioni ya Leipzig iliyoanzisha kituo cha Shigatini mwaka 1900, na baadaye vya Gonja na Mbaga.

Kazi yake si vigumu kumweleza Mpare, ambaye wazee wake waliijua mivukuto ya wahunzi wa ukoo wa Washana. Upepo wa mivukuto ya kinanda hauendi motoni, bali hukusanywa sandukuni. Na juu ya sanduku yamesimama mabomba, mengine ya bati na risasi, mengine ya mti. Mpigaji akibonyeza kitufe, kilango hufunguka, upepo huingia bombani, nalo hulia. Bomba refu hutoa sauti nene, na fupi hutoa sauti nyembamba.

Katika kanisa hilo Martin Luther alihubiri siku ya Pentekoste mwaka 1539, mji ulipoipokea Matengenezo. Johann Sebastian Bach aliwafundisha waimbaji wake tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750. Lakini kinanda kikubwa cha leo hakukipiga yeye: kiliundwa na Wilhelm Sauer, kikamalizika mwaka 1889 chenye safu 63 za mabomba, na mwaka 1908 kikaongezwa hata zikawa 88. Mwaka 2000 kiliwekwa cha pili, kazi ya Gerald Woehl, kwa ajili ya muziki wa Bach.

Basi wako wadhanio kwamba ibada ya Kilutheri pasipo kinanda ni pungufu. Historia yakataa. Walutheri wa kwanza hawakuongozwa na kinanda katika kuimba. Mwalimu na wanafunzi wa shule waliuanzisha wimbo, na watu wakaufuata. Kinanda kililia peke yake, au kilipokezana na waimbaji. Desturi ya kinanda kuwaongoza watu ilienea katika karne ya 17.

Mabomba ya namna ile hayakuletwa milimani kwetu. Ni mazito, unyevu huyaharibu, nayo hudai fundi wa kuyalinganisha sauti. Kilichopanda Upare ni tuni, katika vinywa vya walimu na katika tarumbeta. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, sharika zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, na watu waliendelea kuimba. Hivyo mwalimu wa Kipare aliyeanzisha wimbo pamoja na watoto wa shule yake hakufanya jambo la upungufu. Alifanya kama walivyofanya Walutheri wa kwanza.

Lakini iko hatari moja. Chasu, lugha ya Wapare, huyapambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Tuni ya Kijerumani haiijui sheria hiyo; ikiipandisha silabi ipasayo kushuka, neno laweza kupoteza maana yake, na mzee aliyeketi nyuma huimba asichokielewa. Kinanda, kiwe cha mabomba au cha umeme, hakiwezi kulisikia kosa hilo. Sikio la mwalimu laweza.

Mwaka 1975 Upare ulipata dayosisi yake yenye makao Same, na uchaguzi wa nyimbo u mikononi mwa watu wanaoijua lugha. Kabla ya kuufundisha wimbo, mwalimu na ausome kwanza kwa sauti kama mtu anenaye nyumbani kwake, kisha aulinganishe na tuni. Visipopatana, na aitafute tuni nyingine, asiyapotoshe maneno.