Upanga wa Kijapani Uliotoka Burma: Kumjua Mhunzi Wake Kunagharimu Kiasi Gani?

Mwaka 1944 askari wa Keya (King's African Rifles) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, Burma, hadi mto Chindwin. Familia ya Subukia iliyorithi upanga wa vita hivyo ina njia nne za kumtambua aliyeufua. Nawasihi: anzeni na ya bure, na msilipie inayofuata mpaka chuma chenyewe kiwape sababu.

Kuutazama wenyewe: bure. Ukiona namba za kawaida zimegongwa kwenye bapa karibu na mpini, huo ni upanga wa kiwandani wa masajini, aina iliyoanza mwaka 1935. Hauna sahihi ya mhunzi, basi usilipe mtu kuitafuta. Usipoona namba, sukuma nje kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, kisha vua mpini taratibu. Sahihi huchongwa kwa tindo kwenye msuka, ile sehemu inayoingia mpinini. Kutu nyeusi ya msuka ni ushahidi wa umri, msasa utaufuta.

Picha kwa msomaji wa Kijapani: bei ya bando. Piga pande zote mbili za msuka, ncha ya upanga ikiwa juu, mwanga ukitoka ubavuni. Upande mmoja huwa na jina. Wa pili huenda ukawa na tarehe. Mwaka ukihesabiwa kwa enzi ya Kijapani ya Showa, ongeza 1925: Showa 18 ni 1943. Tafuta mtu aliyezoea panga, kwa kuwa maandishi ya tindo humsumbua hata Mjapani msomi.

Kitabu: ghali. Kitabu cha John Slough cha mwaka 2001 kinaonyesha sahihi za wahunzi wa 1868 hadi 1945. Kinafaa kwa sababu wahunzi wengi wa mji wa Seki walitumia majina yanayoanza na Kane, na jina moja liliweza kuwa la watu kadhaa; mikato ya tindo ndiyo huwatofautisha. Lakini ni cha kuagiza ng'ambo, na kwa upanga mmoja hakilipi. Mwombe mwenye nacho akulinganishie picha.

Kuupeleka Japani: ghali kuliko zote, na hatari. Chama cha NBTHK cha Tokyo, kilichoanzishwa 1948, hukagua panga na kutoa vyeti. Ada, usafirishaji, bima na wakala vyaweza kupita thamani ya upanga. Isitoshe, sheria ya Japani husajili panga zilizofuliwa kwa njia ya jadi tu; za kiwandani hutaifishwa. Muhuri mdogo wa Seki au Showa juu ya msuka kwa kawaida huashiria upanga usio wa jadi: usiutume. Muhuri wa nyota ni habari nyingine. Aghalabu ni wa wahunzi waliofulia jeshi kwa njia ya jadi, na hapo ada ya mtaalamu ina maana.

Kwa familia nyingi, njia mbili za kwanza zatosha. Shilingi mnazookoa nunueni mafuta mepesi ya kuukinga upanga na unyevu. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kunolea msimpe: akiukwangua mara moja, thamani haitarudi. Na mnunuzi asiyetaka mvue mpini kabla ya kutaja bei, mkatalieni.